Ni kiuno au ni kiu? Dakika tatu kabla ya kidonge

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu wanaoishi na maumivu yasiyokwisha, na dawa wanazonunua ili wapate usingizi, wamudu kazi zao na wasigombane na watu wa nyumbani, na pia zoezi la akili liitwalo uzingativu linaloweza kuwasaidia kuzipunguza. Mimi ni mteknolojia dawa. Kwa miaka 16 nimehudumia wateja katika duka la dawa hapa Morogoro, na haya ninayoandika nimeyaona kwenye kaunta yetu na katika ukoo wangu mwenyewe.

Tunapotaja uraibu, anayetujia akilini haraka ni kijana wa kijiweni anayevuta heroini, yule ambaye mitaani humwita teja. Huyo anastahili kuhurumiwa na kutibiwa, na nitamrudia. Lakini mtu ninayemwona mimi kila wiki hafanani naye. Ni fundi ujenzi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la mbao miaka mitano iliyopita. Ni mama aliyeshusha ndizi kutoka milimani kwa kichwa tangu akiwa binti hadi shingo na kiuno vikagoma. Ni mwalimu, ni askari mstaafu, ni dereva wa lori. Anakuja amevaa nadhifu, anasalimia vizuri, anawaulizia watoto wangu, kisha anainama kidogo na kusema, "Nipatie zile zangu." Hataji jina la dawa. Wengine hutaja rangi tu: zile za kijani na njano. Ni tramadoli, ambayo inatakiwa itolewe kwa cheti cha daktari. Ila cheti anachokionyesha mara nyingi ni kile kile cha mwaka juzi, kimekunjwa mara nne, na maandishi yamefutika kwenye mikunjo.

Kwa msomaji asiyeifahamu, tramadoli ni dawa ya jamii ya afyuni, ukoo mmoja na mofini, kodeini na heroini, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ya mofini. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Haimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa mikataba ya kimataifa, na sababu mojawapo ni hofu kwamba nchi maskini, ambako mara nyingi hiyo ndiyo dawa pekee ya nguvu inayopatikana kwa urahisi, zingeikosa kabisa. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyevunjika mfupa akipewa kwa siku chache, humsaidia sana, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akaiona kuwa ni sumu. Shida huanza pale siku chache zinapogeuka miezi, na miezi ikawa miaka, bila mtu yeyote kumkalisha mgonjwa chini na kumuuliza dawa hii sasa inamfanyia nini.

Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, wataalamu huyaita maumivu sugu, na hayo si maumivu ya kawaida yaliyorefushwa tu. Mara nyingi jeraha lenyewe limeshapona na picha ya eksirei haionyeshi cha maana, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimejifunza kuuma. Mimi huwaeleza wateja kwa mfano wa mlinzi wa usiku ambaye nyumba anayoilinda iliwahi kuvamiwa na wezi mara moja: tangu siku hiyo jani likitikisika anapuliza filimbi, paka akipita anapuliza filimbi, na nyumba nzima hailali. Filimbi ni ya kweli, inasikika kweli, na anayeisikia hajifanyi. Ila mwizi hayupo tena, na kumpa kila mtu ndani ya nyumba dawa ya kumzibia masikio hakumfundishi mlinzi kutofautisha mwizi na paka.

Dawa za jamii ya afyuni zina tabia nyingine inayofanya hali iwe ngumu zaidi. Mwili huzizoea, kwa hiyo kidonge kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa nne. Kwa baadhi ya watu, matumizi ya muda mrefu huifanya mishipa iwe na wepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na dawa iliyokuja kuyapunguza ikawa inayaongeza. Halafu mtu akichelewa dozi yake, anatoka jasho, pua inachuruzika, tumbo linaharisha, viungo vyote vinauma na usingizi unapaa. Hali hiyo vijana wanaiita arosto. Mgonjwa wa kiuno hasemi amepata arosto. Anasema, "Kiuno changu kimerudi." Anameza viwili badala ya kimoja, anapata nafuu, na nafuu hiyo inamthibitishia kwamba alichokuwa nacho kilikuwa maumivu. Pamoja na yote hayo, tramadoli ikizidi inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani mwake.

Hili la mwisho nililijua kitabuni kabla ya kuliona. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minane, aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa muda mrefu, hadi gari lake lilipomshinda katika mteremko wa Kitonga na yeye akatolewa ndani ya kichwa cha lori akiwa na pingili mbili za uti wa mgongo zimeumia. Alipona vya kutosha kutembea, hakupona vya kutosha kuendesha tena. Hospitali alipewa tramadoli ya wiki mbili. Ilipokwisha, alikuja dukani kwangu. Mhariri, nilimpa. Hakuwa na cheti kipya, na mimi nilijua taratibu, lakini alikuwa kaka yangu na alikuwa amekunja uso kwa maumivu. Nilimpa mwezi huo, nikampa mwezi uliofuata, na nilipoanza kusita alikwenda maduka mengine. Baada ya miaka miwili alikuwa anameza vidonge kumi kwa siku, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mtu mzima ni vinane vya miligramu 50. Usiku mmoja alipata degedege mbele ya wanawe wawili, na wifi yangu akanipigia simu akilia, akiamini mumewe amerogwa.

Ni baada ya usiku ule ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii kuhusu jambo ninaloliandikia leo. Kwa Kiingereza huitwa mindfulness. Kwa Kiswahili wapo wanaoliita umakinifu, na wapo wanaoliita uzingativu. Nitatumia neno uzingativu. Maana yake ni kujizoesha kuweka akili yote kwenye kinachotokea sasa hivi mwilini na moyoni, kukitazama kama kilivyo bila kukikimbia wala kupigana nacho, na akili ikitoroka, kuirudisha taratibu. Ukilisoma hivi linaonekana dogo mno mbele ya pingili mbili zilizoumia. Nami nililidharau mwanzoni. Kilichonibadilisha ni utafiti wenye namba ndani yake.

Nchini Marekani, katika jimbo la Utah, Profesa Eric Garland na wenzake waliwachukua watu 250 waliokuwa wakiishi na maumivu sugu, waliokuwa wameandikiwa dawa za jamii ya afyuni kwa muda mrefu, na ambao tayari walikuwa wanazitumia vibaya. Nusu yao walikutana katika vikundi vya mazungumzo ya kufarijiana, jambo ambalo nalo lina faida yake. Nusu nyingine walifundishwa uzingativu pamoja na mambo mawili yanayokwenda nao: kuyatafsiri upya mawazo yanayomwelemea mgonjwa, na kujifunza tena kuvionja vitu vizuri vya maisha. Mafunzo yalikuwa ya wiki 8, mara moja kwa wiki, na nyumbani kila mtu alifanya zoezi la dakika 15 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Miezi 9 baada ya mafunzo kwisha, asilimia 45 ya waliofundishwa uzingativu walikuwa wameacha kutumia dawa zao vibaya, ikilinganishwa na asilimia 24 ya wale wa vikundi vya kufarijiana. Na zaidi ya theluthi moja ya waliofundishwa walikuwa wamepunguza dozi yao kwa nusu au zaidi.

Wapo watakaosema asilimia 45 ni chini ya nusu, na ni kweli. Lakini mimi nimesimama kwenye kaunta miaka 16, na katika watu wenye mazoea haya ya muda mrefu sijawahi kuona njia nyingine iliyofika hata robo. Kuwakaripia na kuwanyima hakufiki popote: mtu anahamia duka la pili.

Katika mafunzo yale ya Utah kuna kipengele kimoja kilichonifanya niandike barua hii. Kila mgonjwa aliombwa, kabla hajameza dawa yake, akae kwa dakika tatu katika uzingativu. Hakukatazwa kumeza. Dawa ipo pale, ni yake, ataimeza akitaka. Anaombwa tu azipitishe dakika tatu akiutazama mwili wake, ili atambue kama kinachomsukuma ni maumivu yenyewe au ni kiu ya dawa. Anayeyajua maisha ya wagonjwa hawa ataona mara moja uzito wa jambo hilo, kwa sababu maumivu na kiu vimeshakuwa na sauti moja, na mkono unafika kwenye pakiti kabla mwenye mkono hajafikiri.

Kaka yangu alifundishwa jambo hilo na mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja mtulivu ambaye alikuwa amejifunza mwenyewe na kulijaribu kwa wagonjwa wake wachache. Kabla ya hapo daktari alikuwa ameshampangia ratiba ya kupunguza dawa: kidonge kimoja kila baada ya wiki mbili au tatu, si zaidi. Nilikuwepo siku za mwanzo nyumbani kwake. Alikuwa anaketi kwenye kigoda uani, mgongo umeegemea ukuta, kidonge amekiweka kwenye kisahani mbele yake juu ya kreti ya soda. Miguu chini, viganja juu ya magoti. Kwanza anafuata pumzi yake inavyoingia na kutoka puani. Kisha anashuka mpaka kiunoni, pale pale ambapo siku zote alikuwa anapakimbia, na kuanza kupachunguza: panauma upande gani hasa? Panachoma, panavuta, au pana ganzi? Panatanda hadi wapi? Panapanda na kushuka, au pamesimama? Halafu anahama kutoka kiunoni kwenda kifuani na kooni, na kuuliza huko nako kuna nini.

Siku ya tatu au ya nne alifumbua macho akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe leo kiuno kimetulia. Kinachonikaba kiko hapa." Akaonyesha koo lake. Alikuwa ametoka kupokea simu ya mtu anayemdai. Tangu siku hiyo akajitungia swali lake, na kila anapokaa mbele ya kisahani analisema kwa sauti: "Ni kiuno, au ni kiu?" Siku nyingine jibu ni kiuno, na anameza bila kujilaumu. Siku nyingine ni kiu, au ni hofu, au ni aibu ya mwanamume wa miaka 50 anayelishwa na mkewe, na anakirudisha kidonge kwenye chupa kwa saa moja au mbili zaidi.

Sitaki kulipamba jambo hili. Wiki ya kwanza alikuwa anasinzia tu. Wiki ya pili alikasirika, akasema kuutazama uchungu ni kuuongeza, na zipo siku ambazo hakika uliongezeka. Mama yule wa tiba ya viungo alimwambia asilazimishe. Ukizidi, ahamishie akili yake kwenye nyayo zinapogusa ardhi au kwenye sauti za nje, kisha arudi. Alimfundisha pia zoezi refu la kulala chali kwenye mkeka na kuupitia mwili mzima kwa akili, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, kupanda polepole hadi utosini. Kwa mtu ambaye mwili wake mzima ulikuwa umegeuka kiuno, kugundua kwamba bado ana vidole vya miguu visivyouma, viganja vyenye joto na uso unaopepewa na upepo wa jioni, lilikuwa jambo kubwa. Nadhani hiki ndicho kipengele ambacho sisi watu wa dawa hukisahau kabisa. Matumizi marefu ya afyuni hufifisha uwezo wa ubongo wa kufurahia vitu vya kawaida, hata chakula kizuri na kicheko cha mtoto hupoteza ladha, na mtu anabaki na furaha moja tu iliyomo ndani ya pakiti. Ndiyo maana watafiti wa Utah waliwafundisha wagonjwa wao kukaa na kitu kizuri, kama ua au machweo ya jua, na kukionja kwa makusudi. Kaka yangu alichagua harufu ya kahawa ya alfajiri. Anakishika kikombe kwa mikono miwili, hazungumzi na mtu mpaka kahawa iishe.

Zoezi hilo la kuupitia mwili halikuanzia Utah. Mwaka 1979, katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts mjini Worcester, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo, mwanzoni ya wiki 10, kwa ajili ya wagonjwa ambao madaktari wao walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao, wengi wakiwa na maumivu sugu, na mwaka 1982 alichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wa mwanzo. Tangu hapo jambo limepimwa mara nyingi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington, kwa watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo, ambapo baada ya wiki 26 asilimia 60.5 ya waliofundishwa uzingativu walikuwa wamepata nafuu ya maana katika uwezo wa kufanya shughuli zao, dhidi ya asilimia 44.1 ya walioendelea na matibabu yao ya kawaida. Mwaka uliofuata chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaowataka madaktari waanze na njia zisizo za dawa kwa maumivu sugu ya mgongo, na uzingativu ukatajwa miongoni mwake, huku dawa za jamii ya afyuni zikiwekwa mwisho kabisa.

Wamarekani hawakufika hapo kwa hiari. Kuanzia miaka ya 1990 walimwaga vidonge vya jamii hii kwa wagonjwa wa mgongo na magoti wakiambiwa kwamba havina uraibu wa kutisha, na kati ya mwaka 1999 na 2021 karibu watu 645,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, za hospitali na za mitaani kwa pamoja. Sisi bado hatujafika huko. Tuna nafasi ya kujifunza kabla ya kuzika.

Baadhi ya wateja niliowaeleza habari hizi wamenijibu kwa hofu ya imani. Mzee mmoja, mtu wa swala tano, aliniuliza kama hii si ibada ya watu wengine inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Swali lake ni la haki na linastahili jibu la kweli. Mizizi ya mazoezi haya imo katika mafundisho ya Kibuda, na waanzilishi wake hawajaficha. Lakini yanayofundishwa hospitalini hayana maombi, hayana sanamu, hayana kiapo. Ni kutazama pumzi na mwili, vitu ambavyo Mungu amempa kila mja wake. Nilimwuliza mzee yule kuhusu khushuu, ule utulivu wa moyo ndani ya swala ambao mtu huutafuta maisha yake yote, na akili inapotoroka kwenda sokoni anairudisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo unaniambia niwe na khushuu na goti langu." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka kwa wagonjwa waliokwisha kudhalilishwa. Mtu akiambiwa ajaribu mazoezi ya akili, anasikia anaambiwa kwamba maumivu yake ni ya kufikirika. Wengi wameshaambiwa hivyo waziwazi na watumishi wa afya, wamerudi nyumbani wakilia. Naomba niseme kwa nguvu zote: maumivu yote, hata ya mguu uliovunjika sasa hivi, hukamilika ndani ya ubongo, na kuufundisha ubongo si kumwita mgonjwa mwongo. Mwaka 2016 kundi la Fadel Zeidan huko Marekani liliwapa watu dawa ya naloksoni, ambayo hufunga vipokezi vya afyuni mwilini, kisha likawachoma kwa joto la kupimwa ngozini. Waliokuwa wakifanya uzingativu waliendelea kuhisi maumivu pungufu hata vipokezi hivyo vikiwa vimefungwa. Kwangu mimi mtu wa dawa, maana yake ni kwamba nafuu ile ni ya kweli na haipiti mlango ule ule wa afyuni ambao wagonjwa wetu wameshauchakaza.

Kuna mambo mawili ambayo nisipoyaandika barua hii inaweza kumdhuru mtu. La kwanza, anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu asiziache ghafla baada ya kusoma gazeti. Kuacha ghafla kunatesa na kunaweza kuhatarisha maisha. Dozi hushushwa kidogo kidogo chini ya daktari, na uzingativu humsaidia mtu kuivumilia safari hiyo, haumfanyi daktari kuwa hana kazi. Mtu mwenye majeraha makubwa ya moyoni, kwa mfano aliyebakwa au aliyepitia vita, naye anahitaji mwalimu mzoefu pembeni, kwa kuwa kufumba macho na kubaki na mwili wake peke yake kunaweza kumrudishia yale aliyoyakimbia.

La pili ni la wagonjwa wa saratani na wengine wanaokaribia mwisho wa maisha. Hao wanahitaji mofini, na wanaikosa. Ripoti iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa zilikuwa zikipata tani 0.1 tu. Majirani zetu Uganda wametuonyesha kwamba inawezekana: wanatengeneza mofini ya maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 wamewaruhusu wauguzi waliofundishwa huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, kuiandika. Mtu asije akalitumia neno uzingativu kumnyima mama mwenye saratani ya kizazi dozi yake ya mofini usiku.

Nilisema nitamrudia kijana wa kijiweni. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa kwa usimamizi badala ya heroini, na leo zipo nyingine katika mikoa kadhaa. Katika jimbo la New Jersey, watafiti waliwapa mafunzo yale yale ya uzingativu watu 154 wenye maumivu sugu waliokuwa tayari kwenye methadoni, na waliofundishwa walirudia dawa za kulevya kwa kiwango kidogo zaidi na wakadumu zaidi katika matibabu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida pekee. Mafunzo hayo yalitolewa kwa njia ya simu na video. Vijana wetu nao wana maumivu: meno yaliyooza, vidonda, mifupa iliyovunjika bila kutibiwa. Kliniki zipo, foleni ya asubuhi ipo, wauguzi wapo.

Ninachoomba kwa Wizara ya Afya hakihitaji mashine wala fedha za kigeni. Wafundishwe kwanza wataalamu wa tiba ya viungo na wauguzi wa kliniki za selimundu, kwa sababu wagonjwa wa selimundu wanaujua uchungu tangu utotoni na wengi wao huanza kuzizoea dawa za nguvu wakiwa bado shuleni. Yarekodiwe mazoezi haya kwa Kiswahili kinachosikika kama cha nyumbani, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mgonjwa amelala kwenye mkeka na jirani anatwanga. Yaliyopo kwenye simu mengi ni ya Kiingereza, yakimtaka mtu afikirie theluji. Na sisi wa maduka ya dawa tupewe maneno ya kusema. Leo mteja akija na cheti chake cha mwaka juzi nina njia mbili tu, kumpa au kumfukuza, na zote mbili nimezitumia na zote mbili zimenikosesha usingizi. Nataka njia ya tatu: mahali pa kumwelekeza, kwa jina na kwa siku.

Kaka yangu sasa anatumia vidonge viwili kwa siku, na mara mojamoja kimoja. Kiuno bado kinauma. Hajarudi kuendesha lori na hatarudi, ila anafuga kuku, na wanawe wameacha kumwangalia kwa woga anapolala. Nimezungumza na wateja wangu tisa ambao wako alipokuwa yeye miaka mitatu iliyopita, na wote wamekubali kujaribu, akiwemo yule mzee wa khushuu. Mama aliyemfundisha kaka amehamishiwa mkoa mwingine. Tunamtafuta mtaalamu yeyote, wa serikali au wa binafsi, aliye tayari kuja Morogoro siku moja kwa wiki kwa wiki 8. Mikeka ipo, na uani kwa kaka kunatosha watu kumi.

Mteknolojia dawa,
Morogoro.
(Jina limehifadhiwa)